Kipande na Mizani: Mtafuta Kazi Mbele ya Mwajiri katika Iringa na Mbeya

Mpenzi wa ushairi wa Kiswahili atajapo kipande na mizani, wenzake humwelewa mara moja. Kipande ni sehemu ya mshororo, ukwapi au utao. Mizani ni hesabu ya silabi zinazoufanya mshororo huo usimame sawa. Maneno hayo hayo mawili yalifika pia Nyanda za Juu za Kusini, na huko yakabebeshwa mzigo mwingine. Katika Iringa na Mbeya za enzi ya ukoloni, kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, iliyotiwa alama siku baada ya siku mpaka mwenye nayo astahiki ujira wake. Mizani nayo ilikuwa chombo cha chuma alichopandishwa mwanamume aliyeomba kazi, ili ijulikane kama mwili wake unafaa.

Siku hizi vijana wanaotafuta kazi hufundishwa namna ya kujiweka mbele ya wasaili: wavae nadhifu, wafike mapema, watoe mkono kwa uthabiti, wamtazame usoni anayewauliza, na wajibu bila ya kusitasita. Mafunzo hayo hutolewa kana kwamba hayana asili wala mwanzo. Ilhali katika historia ya nyanda hizo, namna mtu anavyoonekana mara ya kwanza mbele ya mwajiri limekuwa jambo la heshima na mamlaka: nani ana haki ya kumtazama nani, atazame nini, na mwenye kutazamwa ana nafasi gani ya kusema yeye ni nani. Kila zama zilitoa jawabu lake. Palikuwa na wakati wa kutazamwa mwili, wakati wa nguo, wakati wa lugha, na wakati wa cheti.

Msomaji wa visiwani na mwambao ana sababu ya kuifuatilia habari hii, kwani sehemu kubwa ya msamiati wake ilitoka kwake. Kibarua, kwa asili, ni barua ndogo. Katika Zanzibar ya karne ya 19, watumwa waliokodishwa kwa kazi za kutwa, kama vile kusafisha sandarusi au kupakia na kupakua mizigo, walijulikana kwa kikaratasi hicho, na sehemu ya ujira wao ilikwenda kwa mabwana zao. Jina la karatasi likageuka kuwa jina la mtu. Hali ya kisheria ya utumwa ilipofutwa Unguja mwaka 1897, miongoni mwa mambo ya mwanzo waliyoyafanya walioachwa huru ni kubadili mavazi. Wanaume walivaa kanzu na kofia, wanawake wakajifunga kanga, ili mwenye kukutana nao njiani asiwasome tena kwa hali yao ya jana. Watu wa mwambao, basi, walikwishajua kwamba nguo ni neno linalosemwa kabla mdomo haujafunguka.

Usaili nao ni neno lenye mizizi ya Kiarabu, la ukoo mmoja na swali. Aliyelelewa katika mafunzo ya dini mwambaoni hulisikia katika habari za kaburini, ambako Munkar na Nakir humsaili maiti juu ya Mola wake, dini yake na Mtume wake. Huko hapana anayepambanuliwa kwa vazi, kwa kuwa wote wamevishwa sanda. Usaili wa duniani haujapata kuwa na usawa wa namna hiyo.

Mwaka 1891 Wahehe walikivunja huko Lugalo kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski. Miaka mitatu baadaye, 1894, ngome ya Kalenga ilianguka, na mwaka 1898 Mtwa Mkwawa akajiua kwa risasi asije akakamatwa hai. Vita hivyo vimesimuliwa mara nyingi. Lisilosimuliwa sana ni lile lililokuja nyuma yake: boma la Iringa, kodi, na haja ya watu wa kuandika, kuhesabu na kupeleka amri. Shule ya serikali iliyofunguliwa Tanga mwaka 1892 ilitoa makarani na walimu walioandika Kiswahili kwa hati za Kirumi, na mpaka Wajerumani walipoondoka, barua ya Kiswahili iliweza kutumwa bara na ikasomwa. Upande wa Mbeya, wamisionari Wamoravian walikuwa wamekwishaweka kituo Rungwe mwaka 1891, na shule za misheni zikaanza kutoa vijana wenye kusoma.

Kwa macho ya kijana wa Uhehe au Unyakyusa wa siku zile, mtu wa kazi ya serikali alikuwa na sura maalumu. Alivaa kanzu, au alivaa kaki. Alikuwa na kofia kichwani na kalamu mkononi. Na alisema Kiswahili. Kihehe, Kibena au Kinyakyusa hakikumfikisha mtu mbele ya meza ya boma. Mwingereza naye, baada ya kuitwaa nchi, aliendeleza desturi hiyo, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikakisanifu Kiswahili juu ya msingi wa Kiunguja. Hivyo lahaja ya Mji wa Zanzibar ikawa sehemu ya vazi la mtafuta kazi wa Iringa, naye akalazimika kujifunza kuivaa isimpwaye.

Walio wengi, hata hivyo, hawakufika mbele ya meza. Katika miaka ya 1920 na 1930 dhahabu ya Lupa, katika nchi ya Chunya, iliwavuta maelfu ya wanaume. Wengine walivuka mpaka kuelekea migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Wengine walikwenda mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe, au mbali zaidi, katika mkonge wa Tanga na Morogoro. Hao hawakuulizwa maswali mengi. Walitazamwa mikono, vifua na meno, wakapewa kipande, na waliokwenda mkonge kwa mkataba wakaingia katika daftari kwa namba. Ndipo lilipopatikana lile neno manamba, ambalo ni ndugu wa kibarua: mmoja aliitwa kwa karatasi yake, mwingine kwa tarakimu yake.

Wakati huo huo, mahali paitwapo Malangali, katika wilaya ambayo leo ni ya Mufindi, palifanywa jaribio linalostahili kukumbukwa kuliko linavyokumbukwa. Tume ya Phelps-Stokes ilikuwa imepita Afrika Mashariki mwaka 1924 na kupendekeza elimu inayolingana na mazingira ya Mwafrika. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka uliofuata, aliujenga utawala wake juu ya machifu. Katika upepo huo ikafunguliwa shule ya serikali ya Malangali mwaka 1928, chini ya W. Bryant Mumford, aliyeamini kwamba shule nyingi zilikuwa zikimng'oa mtoto kwao bila ya kumpandikiza kwingine.

Mumford alitaka shule iwe na sura ya nchi. Wazee wa makabila waliletwa shuleni wawafundishe vijana mila na historia zao. Ngoma na kurusha mikuki vikawekwa katika ratiba. Wanafunzi wakapangwa kwa makabila yao. Na badala ya shati na kaptula wakavaa nguo ya asili, shuka lililofungwa begani. Kusudi lilikuwa kuwatoa vijana watakaorudi kwao kuwa viongozi, wala si makarani wa kutangatanga mijini. Mawazo hayo Mumford aliyaeleza katika jarida la Africa la London mwaka 1929 na 1930, na wasomi wa Ulaya wakayasoma kwa hamu.

Wazazi na vijana waliyapokea kwa namna nyingine. Mtu aliyemtoa mwanawe katika kuchunga ng'ombe na kumpeleka shule alikuwa na hesabu yake. Mila mtoto angefunzwa nyumbani, na wazee wa kumfunza walikuwapo kijijini bila ya mshahara wa serikali. Shule ilitakiwa impe kile ambacho nyumbani hakipatikani: hati nzuri, hesabu, Kiingereza, na sura itakayomwezesha kusimama mbele ya bwana shauri au meneja wa mgodi asidhaniwe kuwa mpagazi. Kijana aliyetoka shuleni na shuka begani alijua fika kwamba mlangoni pa mwajiri atasomwa kwa shuka hilo kabla hajapata wasaa wa kuonyesha anachokijua. Jaribio la Malangali halikudumu baada ya Mumford kuondoka, na shule ikafuata mkondo wa shule nyinginezo za serikali.

Ni rahisi leo kumcheka Mumford, na si haki. Swali aliloliuliza lilikuwa la kweli, na mpaka hii leo halijapata jawabu lililotulia: shule impeleke mtoto wapi, na arudi kwa nani? Kosa la mpango wake lilikuwa mahali pengine. Vazi la asili lililochaguliwa na mkuu wa shule wa Kizungu ni sare kama sare nyingine yoyote. Mwenye kulivaa hakuulizwa, na waliomwamuru alivae walikuwa ndio wale wale waliowaajiri makarani wenye mashati. Kumwambia mtu abaki kama alivyo, huku mlango wa riziki ukifunguliwa kwa walio vingine, ni kumfungia nje kwa maneno matamu.

Ushahidi kwamba watu wenyewe walilifahamu jambo hili unapatikana kusini ya mpaka. Godfrey Wilson, aliyeishi pamoja na mkewe Monica miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, baadaye alichunguza maisha ya wafanyakazi wa Kiafrika mjini Broken Hill, yaani Kabwe ya leo, na kuchapisha matokeo yake mwaka 1941 na 1942. Aliona kwamba zaidi ya nusu ya fedha zao taslimu iliishia katika nguo. Kama vile kabila moja lilivyojulikana kwa ng'ombe na jingine kwa uvuvi, yeye aliwaona wafanyakazi wa mji ule kuwa ni watu wa nguo. Wazungu wengi wa wakati huo waliuita huo ubadhirifu. Mzanzibari aliyekumbuka mwaka 1897 angewaeleza vingine: nguo ilikuwa ndiyo hati pekee ambayo mfanyakazi aliweza kujiandikia mwenyewe. Kipande kiliandikwa na mwajiri, naye mwenye kipande hakuwa na uwezo wa kukisahihisha.

Vita Kuu vya Pili vilipokuja, hata huo usaili wa kutazamwa mikono uliondolewa kwa wengi, kwani serikali ilianza kuwakamata watu kwa amri na kuwapeleka katika mashamba ya mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri, iliyokuja kujulikana kwa jina la SILABU, na mawakala wake wakawafikia Wabena, Wakinga na majirani zao. Upande wa Rungwe na Mbeya, hasa baada ya vita, liliingia shirika la migodi ya Afrika Kusini ambalo watu waliliita Wenela. Humo mizani ilitawala. Mtafuta kazi alivua nguo, akapimwa uzito, akasikilizwa kifua, na alipofika mgodini akapimwa tena.

Huko migodini palikuwa na usaili wa ajabu. Tangu miaka ya 1950, watafiti wa Afrika Kusini walitunga mitihani ya kuwagawa wageni katika kazi mbalimbali, na kwa kuwa watu hao walitoka nchi nyingi na hawakuwa na lugha moja, maelekezo yalitolewa kwa sinema bubu. Mtu aliketi, akamwona mwanamume kwenye kiwambo akipanga vipande vya mbao au kuchambua vyuma, kisha akatakiwa afanye vivyo hivyo kwa haraka, saa ikihesabu. Mikono yake ndiyo iliyojibu. Aliyekuwa mwimbaji mashuhuri kwao, au msuluhishi wa kesi za baraza, au mjuzi wa dawa, alitoka katika chumba kile akiwa amepangiwa sepeto au usimamizi, na hapana aliyemsikia akitamka hata neno moja. Usaili usiokuwa na swali hauwezi kupata jawabu lolote isipokuwa lile lililokwisha kuandaliwa.

Pamoja na mizani kulikuwa na kipimo kingine kisichohitaji chombo, nacho ni kabila. Wakoloni waligawa sifa kama wagawavyo posho: Mhehe anafaa jeshi na polisi, Mnyakyusa anafaa mgodi, Mbena anafaa mkonge. Mtu alihukumiwa kabla hajafika. Tabia hiyo haikuondoka pamoja na bendera. Dar es Salaam mpaka leo watu hutafuta "mtoto wa Iringa" kwa kazi za ndani, wakidai kwamba watoto wa huko ni watiifu na wavumilivu. Binti huletwa na dalali au jamaa, na mara nyingi hakuna anayemuuliza anajua nini, anataka nini, au atasoma lini. Sifa ya utiifu, katika hali hiyo, ni kipande kingine anachokibeba mtu bila ya kukiandika mwenyewe.

Lakini itakuwa ni kuipunja historia kudhani kwamba kutazama kulikuwa kwa upande mmoja. Mlangoni pale pale mwajiri naye alikuwa akisailiwa. Wafanyakazi wa Afrika Mashariki waliwapa mabwana zao majina ya kupanga, na jina hilo lilisafiri njia nzima: mwenye hasira, mwenye mkono mzito, mwenye kukata siku, mwenye kulipa sawasawa. Aliyerudi kutoka shamba fulani alieleza chakula chake, vibanda vyake na msimamizi wake, na kijiji kizima kikajua. Wenye mkonge hawakuanzisha ofisi ya kuajiri kwa kupenda kutumia fedha; walilazimika kuwafuata watu mbali kwa sababu walio karibu walikwishawatazama na kuwakataa. Mtu asiyekuwa na haki ya kuuliza alijibu kwa miguu yake.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961, serikali mpya ilikomesha kuajiriwa watu kwa ajili ya migodi ya Afrika Kusini, na milango ya utumishi ikafunguliwa kwa wenyeji wenye elimu. Zama hizo nazo zilikuwa na karatasi yake: barua ya utambulisho kutoka kwa balozi wa nyumba kumi na kwa chama. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kuanzia 1970 hadi 1975 na kukabidhiwa 1976, urefu wake kilomita 1,860, ilipita Makambako na Mbeya na kuwaingiza vijana wengi wa nyanda hizo katika kazi ya mshahara kwa mara ya kwanza. Safari hii Mnyakyusa hakulazimika kuvuka mpaka. Kazi ilimfuata kwao.

Leo Iringa na Mbeya ni miji ya vyuo. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kilianza mwaka 2005, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbeya kikapata hadhi hiyo mwaka 2012. Wahitimu ni wengi kuliko nafasi. Mwaka 2014 zaidi ya watu 10,000 walikusanyika katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kusailiwa kwa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwanzoni mwa mwaka 2025 ulifanyika usaili wa walimu mikoani, ambapo nafasi zisizofika 15,000 ziliombwa na watu zaidi ya laki 2. Katika msongamano wa namna hiyo, dakika za mwanzo hupewa uzito usio wake, kwa kuwa msaili aliyechoka hutafuta sababu ya haraka ya kumpitisha huyu na kumwacha yule.

Hapo ndipo adabu ya nyanda za juu inapopata shida. Kijana wa Iringa aliyelelewa vyema humsalimu mkubwa wake kwa "kamwene" huku akiinama kidogo. Akitoa mkono wa kulia huushika kwa wa kushoto. Na hamkazii macho aliyemzidi umri. Binti wa Kinyakyusa hufunzwa kupiga goti anaposalimia. Hayo yote kwao ni dalili ya malezi. Kitabu cha mafunzo ya usaili kilichoandikwa ng'ambo kinayaita woga na kutojiamini. Hivyo kijana huambiwa, kama alivyoambiwa babu yake wa Malangali ingawa kwa kinyume, kwamba sura aliyokuja nayo siyo, na kwamba nyingine imechaguliwa kwa niaba yake. Wahenga wa mwambao walikwishaonya juu ya uzuri wa mkakasi, ambao ndani yake ni kipande cha mti. Nao waajiri wanaosoma macho makavu kuwa ni ujuzi wamepata kununua mikakasi mingi.

Jawabu si kurudi Malangali. Wazazi wa mwaka 1928 walikuwa na haki: kijana afundishwe sura inayofungua mlango, avae shati, aseme kwa kujiamini, na ajue kwamba yale ni mavazi tu, yanavuliwa jioni. Lakini wasaili nao wana la kujifunza, hasa wanaokaa katika ofisi za Iringa na Mbeya na ambao wengi wao walipigishwa magoti na bibi zao. Wao wanaweza kuitambua heshima wanapoiona, na kumwacha mtu ajibu swali la tatu na la nne kabla ya kumhukumu kwa salamu yake.

Kuna kazi nyingine, nayo haingoji. Wanaume waliosimama juu ya mizani ya Wenela, kabla mlango ule haujafungwa, leo wamepindukia miaka 80. Baadhi yao wangali hai katika vijiji vya Rungwe, Kyela na Makete, na wanayakumbuka majina waliyowapa wasimamizi wao, na nyimbo zilizoimbwa njiani kwenda na kurudi. Vitabu vya mashirika vimehifadhi uzito wao na namba zao. Kile walichokiona wao walipomtazama aliyekuwa akiwatazama kimo vichwani mwao tu, na kila mwaka vinazikwa vichwa kadhaa pasipo kuandikwa hata ubeti mmoja.